Sheria Imlindayo Mwokozi na Aliyedhulumiwa

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya watu wawili ambao sheria za nchi nyingi ziliwasahau kwa muda mrefu. Wa kwanza ni yule akimbiliaye kwenye hatari ili aokoe wenziwe: askari polisi, mtu wa zimamoto, mwuguzi, tabibu na dereva wa gari la wagonjwa. Wa pili ni yule aliyekwisha patwa na uovu: aliyepigwa, aliyeibiwa, aliyevunjiwa nyumba au kuharibiwa heshima yake. Watu hawa wawili ni ndugu katika jambo moja: wote huumizwa wakati ambapo hawana nafasi ya kujilinda.

Fikirini kwamba moto umewaka usiku katika soko la mji mdogo. Watu wamepiga simu, lakini gari la zimamoto limechelewa, kwa kuwa njia ni mbovu na magari yamesimamishwa ovyo kando yake. Lifikapo, maduka mawili yamekwisha teketea, na watu wamejaa hasira. Mtu mmoja arusha jiwe. Wa pili amfuata. Kioo cha gari chavunjika, na dereva apata jeraha jichoni. Wenziwe waona hatari, wageuza gari na kuondoka. Basi duka la tatu lilikuwa bado halijashika moto, na katika chumba cha nyuma alikuwamo mama na watoto wake wawili waliolala. Nawauliza: aliyerusha jiwe lile amempiga nani? Je, amempiga dereva peke yake?

Jibu la swali hilo ndilo msingi wa mazungumzo yetu. Nikimpiga jirani yangu barabarani, nimemdhuru mtu mmoja. Nikimpiga mwuguzi aliye katika kumfunga mtu jeraha, nimewadhuru wawili, mwuguzi na mgonjwa. Na nikiwatia hofu wauguzi wote wa zahanati ile hata wakaogopa kutoka usiku, nimewadhuru watu wa tarafa nzima, pamoja na mama zangu na watoto wangu mwenyewe. Ndiyo sababu nchi nyingi zimeona yafaa kosa hili lipimwe kwa mizani nyingine.

Sheria zetu zasemaje?

Msidhani kwamba sheria za Afrika ya Mashariki hazikuligusa jambo hili. Mwaka 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zilipewa kila moja Kanuni ya Adhabu, yaani kitabu cha sheria kinachotaja makosa na adhabu zake. Vitabu hivyo vilifanana sana, na ingawa vimerekebishwa mara nyingi baada ya uhuru, maneno yake mengi yangalipo. Katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 253 chasema kwamba mtu akimshambulia askari polisi aliye kazini, au akimpinga au kumzuia kwa makusudi, aweza kufungwa miaka 5. Kanuni ya Tanzania ina kifungu kinachofanana nacho, na adhabu ni hiyohiyo. Linganisheni na shambulio la kawaida lisiloleta jeraha: adhabu yake kubwa ni kifungo cha mwaka 1 tu.

Tena kifungu hicho chamlinda mtu ambaye wengi hawamfikirii. Chasema kwamba anayemsaidia askari katika kazi yake hulindwa kama askari mwenyewe. Basi mwanakijiji aliyeitwa na polisi kushika taa au kuonyesha njia, akapigwa na wahalifu kwa sababu hiyo, haki yake si ndogo kuliko ya mwenye sare. Vilevile chamtaja mtu yeyote anayeshambuliwa kwa sababu ya tendo alilolitenda katika kutimiza wajibu aliopewa na sheria.

Walakini tazameni maneno hayo kwa makini. Yasema "wajibu aliopewa na sheria." Askari ana wajibu huo bila shaka. Lakini je, mwuguzi wa hospitali ya misheni? Je, kijana wa kujitolea aliyejifunza kufunga majeraha, akasimama barabarani palipopinduka basi? Wakili wa mshitakiwa aweza kusimama na kusema, "Mtu huyu hakulazimishwa na sheria yoyote kuwapo pale; alikuja kwa hiari yake." Hapo kosa hurudi kuwa shambulio la kawaida, ingawa tendo ni lilelile, na ubaya wake ni uleule. Sheria iliyoandikwa zamani ilimwona askari waziwazi, lakini waokoaji wengine iliwaona kwa mbali, kama mtu atazamaye katika ukungu.

Mfano wa Uingereza

Uingereza ilikuta pengo la namna hiyo, na ni vizuri tuone jinsi ilivyojaribu kuliziba hatua kwa hatua, maana katika safari ya wengine twaweza kujifunza njia nzuri na mashimo yaliyomo.

Hatua ya kwanza ilikuwa Scotland, ambako mwaka 2005 ilitungwa sheria ya kuwalinda watumishi wa dharura. Mwaka uliofuata, 2006, ikatungwa nyingine inayohusu England na Wales, ikifanya kuwa kosa kumzuia mtu wa zimamoto, wa gari la wagonjwa na wengineo wanapokwenda kwenye dharura. Angalieni neno hilo "kumzuia." Si lazima umpige mtu ndipo umdhuru mgonjwa wake. Ukisimama mbele ya gari la wagonjwa na kukataa kupisha, mkono wako haukumgusa mtu, na hata hivyo mtu aweza kufa kwa ajili yako.

Hatua ya pili ilikuja mwaka 2018. Mbunge mmoja, Chris Bryant, alipeleka muswada Bungeni juu ya kuwashambulia watumishi wa dharura katika England na Wales, nao ukawa sheria mwezi wa Septemba mwaka huo. Kabla yake, shambulio la kawaida lilikuwa na adhabu isiyozidi kifungo cha miezi 6. Sheria mpya iliiongeza hata miezi 12 ikiwa aliyeshambuliwa ni mtumishi wa dharura. Mwaka 2022 adhabu hiyo ikaongezwa tena, ikawa miaka 2. Tena sheria yaamuru kwamba katika makosa makubwa zaidi, kama kujeruhi, hakimu ahesabu kazi ya aliyeumizwa kuwa ni jambo linalozidisha uzito wa kosa, na alitamke hivyo mahakamani, watu wote wasikie.

Uzuri wa sheria ile si adhabu peke yake, bali ni jinsi ilivyotaja watu wake. Imewataja askari polisi, askari wa magereza, watu wa zimamoto, watu wa kutafuta na kuokoa, na watu wanaotoa huduma za afya za taifa. Tena imesema kwamba si kitu kama mtu analipwa au halipwi. Zaidi ya hayo, imemlinda hata yule aliyekwisha maliza zamu yake. Mwuguzi akiwa njiani kurudi nyumbani, akamwona mtu ameanguka, akapiga magoti kumsaidia, sheria humwona kuwa yuko kazini. Basi lile swali la wakili, "Nani alikulazimisha kuwapo hapa?" limekatwa mzizi wake.

Hatua ya tatu ilizaliwa katika msiba. Mwezi wa Agosti 2019, katika jimbo la Berkshire, askari kijana aitwaye Andrew Harper alikwenda na mwenzake kuzuia wizi wa pikipiki ya magurudumu manne. Miguu yake ikanaswa katika kamba iliyofungwa nyuma ya gari la wezi, nao wakaenda mbio wakimburuta kwa mwendo unaozidi maili moja, hata akafa. Ilikuwa wiki nne tu tangu arusi yake. Vijana watatu walionekana na hatia ya kuua bila kukusudia. Mmoja alihukumiwa miaka 16, na wawili miaka 13 kila mmoja. Mjane wake alishika njia kudai sheria ibadilishwe. Mwaka 2022 ilipitishwa, na watu huiita kwa jina la marehemu: anayemwua mtumishi wa dharura aliye kazini kwa tendo la uhalifu, hata kama hakukusudia kuua, sharti ahukumiwe kifungo cha maisha, isipokuwa kama kuna mambo ya pekee yanayomfanya hakimu aone vingine.

Je, ukali wa adhabu watosha?

Hapa nataka tutulie kidogo. Kuna watu wanaodhani kwamba dawa ya kila uovu ni kuongeza miaka ya kifungo. Lakini mimi nawaambieni, mwizi hafungui kitabu cha sheria kabla ya kutoka usiku. Kinachomtia hofu ni kujua kwamba atakamatwa, na kwamba shauri lake litakwisha upesi. Adhabu ya miaka 20 isiyompata mtu ni sawa na mbwa aliyechorwa ukutani. Adhabu ya miezi 6 inayompata kila mkosaji ni mbwa hai.

Tena haki ni kitu chenye pande mbili. Yuko mgonjwa mwenye homa kali aliyerukwa na akili, akampiga kofi mwuguzi bila kujua alitendalo. Yuko mwenye ugonjwa wa akili anayeogopa kila mkono unaomkaribia. Hao wahitaji matibabu, si pingu. Wala sheria imlindayo askari haimpi askari ruhusa ya kuwaonea watu. Kifungu kile cha Kenya chamlinda askari "katika kutimiza kazi yake". Akiiacha kazi yake akawa mnyang'anyi mwenye sare, ameitoka ngao hiyo kwa miguu yake mwenyewe. Sheria ikimlinda mtumishi mwema bila kumzuia mtumishi mbaya, watu wataichukia, na watu wakiichukia sheria hawatamsaidia hata yule mtumishi mwema.

Aliyedhulumiwa mbele ya mahakama

Sasa tuje kwa mtu wetu wa pili. Tuseme mama mmoja amevunjiwa nyumba usiku na kukatwa panga mkononi. Mhalifu akamatwa, na kesi yafunguliwa. Mama aenda mahakamani akidhani kwamba kesi ni yake. Afikapo asikia karani akiita: "Jamhuri dhidi ya fulani." Jina lake halimo! Zamani kesi za namna hiyo ziliitwa kwa jina la Mfalme wa Uingereza. Leo huitwa kwa jina la Jamhuri. Mama ni shahidi tu. Huitwa, huulizwa maswali, huambiwa ashuke kizimbani, kisha huenda zake. Mshitakiwa akipewa dhamana, mama huenda akamkuta kisimani kabla ya mtu kumpasha habari. Mshitakiwa akifungwa, mama hubaki na mkono usioweza kushika jembe.

Desturi hii ina sababu yake, nayo si mbaya. Serikali ilichukua kesi za jinai mikononi mwake ili watu wasilipize kisasi, ukoo juu ya ukoo, na ili maskini asiye na mtu wa kumtetea apate haki sawa na tajiri. Lakini katika kuyachukua mashitaka, ilimsahau mwenye jeraha.

Mataifa yalianza kulikumbuka jambo hili polepole. New Zealand ilitunga mwaka 1963 sheria ya kuwalipa fidia watu walioumizwa na wahalifu, na Uingereza ikaanza mpango wake mwaka 1964. Tarehe 29 Novemba 1985 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitoa tamko kwamba walioumizwa kwa uhalifu watendewe kwa huruma na heshima, wapashwe habari za kesi zao, wasikilizwe, walindwe na vitisho, na walipwe.

Kenya ilifuata njia hiyo kwa hatua kubwa. Katiba yake ya mwaka 2010, katika ibara ya 50, yaliamuru Bunge litunge sheria ya kuwalinda waliotendewa makosa na kuangalia haki zao na hali yao. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 2014. Imeweka Bodi ya kuwashughulikia watu hawa na mfuko wa fedha kwa ajili yao, nayo yampa aliyedhulumiwa haki ya kuwapo mahakamani, yeye mwenyewe au kwa mwakilishi wake, na ya kutoa maoni yake. Wengine waliuliza: je, si mshitakiwa atakuwa na washitaki wawili juu yake? Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Kenya ililijibu swali hilo. Ilisema kwamba aliyedhulumiwa aweza kushiriki katika kesi, lakini hachukui nafasi ya mwendesha mashitaka, wala ushiriki wake usimnyime mshitakiwa haki ya kuhukumiwa kwa uadilifu. Huo ndio mzani ulio sawa.

Katika Tanzania, sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai yampa hakimu uwezo wa kumwamuru aliyepatikana na hatia amlipe fidia aliyemdhuru, zaidi ya adhabu yake nyingine. Wengi hawalijui jambo hili, na kwa sababu hawalijui hawalitaji. Ni kweli kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Fedha hazirudishi mkono uliokatwa. Lakini fedha hizo zaweza kumlipa mtu wa kulima shamba la mama yule msimu huu, na watoto wakala.

Tena kuna habari ya mashahidi. Kesi nyingi hufa kwa sababu majirani waliona, nao hawasemi. Kenya ilitunga sheria ya kuwalinda mashahidi mwaka 2006, na Tanzania mwaka 2015 ilitunga yake, inayowalinda mashahidi pamoja na watoao habari za uhalifu. Basi shahidi aliyetishwa asikae kimya na hofu yake. Amweleze mwendesha mashitaka au mkuu wa kituo mapema, kabla siku ya kesi haijafika.

Kazi yetu sisi

Huenda mtu akasema, "Sheria ni kazi ya Bunge; mimi mkulima nifanyeje?" Ndugu yangu, sheria hutungwa Bungeni, lakini huishi au hufa vijijini. Nitawatajia mambo matano.

La kwanza: ukijeruhiwa na mhalifu, toa habari polisi mapema, nawe upate hati ambayo tabibu huandika humo majeraha aliyoyaona. Tanzania huitwa PF3, na Kenya huitwa P3. Bila maandishi hayo, miezi ikipita na kovu likipona, ushahidi wako utakuwa maneno matupu. Wala usizifue nguo zilizoingia damu. Ziweke zilivyo, uzikabidhi kwa polisi.

La pili: mfundisheni kila mtoto namba za kuomba msaada. Kenya ni 999 au 112. Tanzania polisi ni 112, na zimamoto ni 114. Mtoto ajue pia kulitaja jina la kijiji chake na alama iliyo karibu, kama shule, kanisa, msikiti au mbuyu mkubwa. Maana gari lisilojua njia huchelewa, na kuchelewa ndiko kunakoleta hasira.

La tatu: gari la kuokoa lipitapo, lipisheni. Likichelewa, andikeni malalamiko yenu kesho yake kwa halmashauri au kwa diwani, mkitaja saa mliyopiga simu na saa lililofika. Malalamiko yenye saa na tarehe humfikia mwenye kosa. Jiwe humpata dereva asiye na kosa.

La nne: msihukumu barabarani. Mwizi akikamatwa, umati humzingira, na askari mmoja ajaye kumtoa hupigwa pamoja naye, kana kwamba ni mshiriki wake. Askari yule hamwokoi mwizi na sheria. Ampeleka kwenye sheria. Na mara ngapi imeonekana baadaye kwamba aliyepigwa hakuwa mwizi?

La tano: aliyedhulumiwa asiachwe peke yake. Msindikizeni mahakamani. Mkae nyuma yake, kimya, kwa adabu. Mtu aliyetishwa, ageukapo akaona nyuso za majirani zake, hupata sauti ya kusema kweli.

Mwisho, tuurudie ule moto wa sokoni. Dereva yule aliyejeruhiwa jichoni aweza kukaa nyumbani, akasema, "Kwa nini niende tena?" Hakuna sheria iwezayo kumlazimisha mtu awe na moyo. Sheria yaweza tu kumwambia, "Ukienda, hatutakuacha, na ukiumizwa, jeraha lako tutalihesabu kuwa letu." Wazee wetu walisema neno hili zamani, kabla ya Bunge lolote: mwosha huoshwa. Anayewahudumia wengine siku ya msiba wao, na yeye siku yake ikifika yampasa ahudumiwe. Tukimlinda leo yule aendaye kwenye moto wa jirani, kesho atakuja kwenye moto wetu.